Simu Zibaki Nje

Walikutana mchana kwenye duka la vipuri, watu wakisukumana, wote wawili wameshika boksi moja la taa ya hadubini.

"Dada, niachie. Mimi fundi, ndiyo kazi yangu."

"Na mimi mtafiti. Bila taa hii nimekwama." Alivaa koti jeupe juu ya gauni la samawati, na macho yake hayakuwa na utani.

Fundi akaachia boksi. Moyo nao ukaenda na boksi.

Kesho yake fundi aliitwa maabara kwa mtafiti kuifunga taa, akaonyeshwa seli ya neva na mkia wake, mwembamba kuliko unywele. "Protini zinazoushikilia mkia huu hutengenezwa huku mwanzoni, kisha husafiri mpaka nchani. Milimita moja tu kwa siku! Kila saa napiga picha, na bado sijui zinakwendaje."

"Piga kila sekunde tano, mpenzi," fundi alimwambia miezi mitatu baadaye, maana walishafika huko. "Na simu ikitetemeka mezani, picha inaharibika." Akabandika karatasi mlangoni: SIMU ZIBAKI NJE.

Jumatatu moja alijikaza, akaandika ujumbe: "Nataka nikuoe. Unasemaje?" Kimya. Akipiga, haipatikani. Ijumaa akaenda maabara kuchukua kamera aliyomwazima mtafiti, roho inamuuma. Simu yake akaitia kwenye droo ya meza iliyo koridoni, kwa mazoea.

"Njoo uone!" Mtafiti alimvuta mkono, nywele timutimu.

Kwenye skrini, kiuzi kinachong'aa cha zile protini kilikuwa kimetulia. Kikaendelea kutulia. Ghafla kikachomoka mbio, kikasimama tena.

"Kumbe kinakimbia!"

"Sana! Ila muda mwingi kinapumzika, ndiyo maana tulidhani kinatambaa."

Fundi alimtazama mwanamke huyu aliyekaa siku tano akingoja kiuzi kisogee. Hakuwahi kumstahi mtu namna ile. Lakini bado alikuwa na dukuduku.

"Na ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani? Simu iko kwenye droo tangu Jumatatu, chaji imeisha. Nyumbani nilikuwa naenda kulala tu. Nisamehe. Lakini si wewe uliyesema zibaki nje?"

Fundi akatazama mwandiko wake mlangoni. Mtafiti alitoka kwenda kuchaji simu. Dakika zikapita.

Kisha, kule nje ndani ya droo, simu ya fundi ikaanza kutetemeka.

"Pokea basi," mtafiti aliita kutoka koridoni, sauti yake ikitetemeka pia. "Mwenzio nina jibu."