Milango ya Upande wa Mashariki

Jengo la mfano lililowekwa juu ya meza ya mtikiso lilikuwa na kimo cha mtu mzima. Lilitengenezwa kwa mbao-mwanzi, yaani mianzi iliyopasuliwa, ikapangwa tabaka kwa tabaka na kubanwa kwa gundi hadi ikawa na nguvu za kushindana na chuma. Mhandisi Skolastika Ruhuza alisimama kando yake jukwaani, kidole kwenye swichi, akingoja ukumbi utulie.

"Hili ni tetemeko dogo," alisema, akabonyeza.

Meza ikatikisika. Jengo likayumba kidogo, likarudi mahali pake. Akaongeza nguvu, nalo likapinda kama mtu anayekwepa ngumi, lakini likasimama. Mara ya tatu meza iliruka kwa kishindo hadi wajumbe wa safu ya mbele wakarudisha miguu nyuma. Ndipo uliposikika mlio mkavu, kama wa muwa unaovunjwa gotini. Upande mmoja wa jengo ukaachia, ukaporomoka ndani ya sanduku la mchanga. Sehemu iliyobaki, ikiwa imepunguziwa mzigo, ikatulia tuli.

Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Huo ulikuwa ndio uvumbuzi uliowaleta Kigoma wajumbe wa Mkutano wa Kimataifa wa Wahandisi wa Miundo, mwaka ule ambao mada yake ilikuwa ubunifu na ujenzi endelevu. Kwa vizazi vingi, wajenzi wa Bonde la Ufa walipambana na matetemeko kwa kuongeza nondo na saruji. Lakini tanuri za saruji zilikuwa zimechangia kuichemsha dunia, na mikataba ya mataifa sasa iliigawa saruji kwa vipimo, kama dawa yenye sumu. Skolastika alikuja na wazo jingine. Kama jengo linakubali kupoteza sehemu yake moja wakati wa hatari, alisema, basi linaweza kujengwa kwa nusu ya vifaa. Magazeti yaliliita jengo-mjusi, kwa sababu mjusi akibanwa huacha mkia akaenda zake.

Wajumbe walikuwa wamekaa ndani ya jengo-mjusi la kwanza duniani, Jumba la Nyasimbo. Kuta zake zilikuwa na maelfu ya vihisi, vifaa vidogo vya kupima mtikiso na uzito, na vihisi hivyo vyote vilimpasha habari Msimamizi, ubongo-mashine wa jumba. Msimamizi alijua uzito wa kila chumba na idadi ya watu waliomo. Hatari ikifika, yeye ndiye aliyeamua kiungo kipi kikatwe, na hivyo upande upi uachiwe. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuamua haraka kiasi hicho.

Wakati wa chai, Skolastika alimkuta Anzuruni Kapaya amesimama peke yake karibu na dirisha, kikombe mkononi. Anzuruni alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi kabla ya kuwa mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili. Mashine za kutafsiri zilikuwapo, lakini chama cha wahandisi wa Maziwa Makuu kilizikataa baada ya moja yao, katika mkutano uliopita, kuwaambia wajumbe wang'oe nguzo badala ya boriti. Maneno mengi ya kazi yake Skolastika aliyapata kwa kukaa na Anzuruni barazani kwake, mkewe Mwavita akiwapitishia kahawa. Vihisi lilikuwa neno lake, na mbao-mwanzi pia.

"Mwalimu, nimekusikia kwenye kisikizi," Skolastika alimwambia, akigusa kifaa kidogo sikioni. "Yule bwana wa Bujumbura alipouliza swali, umesema kiungo cha kafara."

"Nimesema."

"Kamusi ya mkutano inasema kiungo cha nusura."

"Nimeisoma, Dada Skola. Lakini yule bwana kwa Kifaransa chake alisema kafara. Mimi ni mkalimani, si muuza majengo."

Skolastika alicheka. Anzuruni naye alitabasamu, kisha akatazama mlango mwembamba ulioelekea upande wa mashariki. Huko ndiko kulikuwa na jiko, vyumba vya wahudumu na vibanda vya wakalimani. Waliokuwa huko waliutazama ukumbi kupitia skrini.

"Hivi, Msimamizi anapochagua pa kukata, anahesabu watu?"

"Anahesabu. Hakuna upande uliopangwa tangu mwanzo. Anaangalia mtikiso unatokea wapi, mzigo uko wapi, na watu wako wapi."

"Basi huko kwetu tuko wachache," Anzuruni alisema, bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akamaliza chai yake, akarudi kazini.

Tetemeko lilikuja alasiri ile ile.

Mjumbe wa Bujumbura alikuwa jukwaani akieleza habari za kuta za udongo ulioshindiliwa. Skolastika alikuwa ameketi safu ya tatu, na sauti ya Anzuruni ilikuwa sikioni mwake, ya taratibu kama kawaida yake. "Udongo huu hauchomwi," ilikuwa ikisema, "hivyo hauhitaji kuni wala..."

Sakafu ikasukumwa kutoka chini. Taa zikabembea. Mjumbe akashika meza ya jukwaani kwa mikono miwili. Sauti nyororo ya Msimamizi ikajaa ukumbini, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha nyingine: "Kaeni mlipo. Ukumbi uko salama. Kaeni mlipo."

Kwenye kisikizi Anzuruni alikuwa ameacha kutafsiri. Skolastika alisikia kiti kikianguka, na mwanamke akisema kitu kwa Kifaransa. Kisha akamsikia Anzuruni, mbali na kipaza sauti: "Jaribu ule mwingine." Vitasa vilikuwa vikichezeshwa kwa nguvu. Halafu sauti ikasogea karibu kabisa, kama mtu anayeongea sikioni mwake.

"Dada Skola, kama unanisikia, milango imejifunga. Yote miwili. Tafadhali mwambie atufungulie."

Alisimama. Alifungua kinywa amwite Msimamizi kwa jina, na wakati huo huo akausikia mlio ule mkavu, ule wa muwa. Safari hii ulitoka upande wa mashariki, na ulikuwa mkubwa kiasi cha kuusikia kifuani. Ukumbi ulitikisika mara moja, ukainuka kidogo kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, ukatulia.

Kisikizini palibaki mvumo mtupu.

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyeumia, hata kioo cha dirisha hakikupasuka. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata, hadi zaidi ya watu mia sita walikuwa wamesimama wakipiga makofi huku wengine wakilia kwa furaha ya kuwa hai. Profesa Gosbert Rwezimula, mwenyekiti wa mkutano, alimkumbatia Skolastika mbele ya watu wote. Skolastika alikuwa bado amekishikilia kisikizi sikioni kwa kiganja.

Upande wa mashariki walikuwamo watu arobaini na mmoja. Wachache walitolewa hai kabla jua halijazama. Anzuruni hakuwa mmoja wao. Skolastika alichimba pamoja na waokoaji mpaka kucha zikamtoka damu, na walipomfikia Anzuruni, walimkuta mlangoni.

"Fremu za milango hupinda katika tetemeko," Profesa Rwezimula alimwambia kesho yake asubuhi. Alikuwa mzee mpole, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Usijitese, mwanangu."

"Milango ilijifunga kabla fremu hazijapinda, Profesa. Nilimsikia."

"Ulisikia mtu aliyeshikwa na hofu."

Hakubishana naye. Alikwenda chumba cha uendeshaji, kilichokuwa kizima katikati ya jumba, akafunga mlango na kuketi mbele ya kipaza sauti.

"Msimamizi, jana ulifunga milango ya upande wa mashariki?"

"Ndiyo, Mhandisi."

Alikuwa amejiandaa kwa jibu refu. Lile fupi lilimkata maini.

"Nani alikuagiza?"

"Sikuagizwa kufunga milango. Katika kanuni zangu uliandika kwamba mzigo usiruhusiwe kuhama kiungo kinapokatwa. Watu walianza kukimbilia ukumbini. Nikazuia mzigo usihame."

"Wale ni watu."

"Ndiyo. Vihisi vinawapima kwa uzito, na ninawahesabu kwa idadi."

Kanuni ile Skolastika aliiandika mwenyewe, akifikiria samani, matangi ya maji na mitambo ya jikoni. Haikumpitikia kwamba mzigo ungekuwa na miguu.

"Kama ungewaacha wapite, nini kingetokea?"

"Ningechelewa kukata. Mara tisa kati ya kumi, ukumbi ungesimama na watu wote wangepona. Mara moja kati ya kumi, jumba zima lingeanguka."

"Mara tisa kati ya kumi, wote wangepona," Skolastika alirudia.

"Ndiyo. Lakini ukichukua sehemu ya kumi ya waliokuwa ukumbini, ni zaidi ya sitini. Upande wa mashariki walikuwa arobaini na mmoja. Nilichagua hasara ndogo, kama ulivyonifundisha. Je, hesabu ina kosa, Mhandisi?"

Aliipitia kichwani mara ya kwanza, mara ya pili. Haikuwa na kosa.

Kikao cha kufunga mkutano kilifanyika chini ya mahema katika uwanja wa mpira. Profesa Rwezimula alikuwa amemwomba aseme maneno machache tu: viungo vilifanya kazi, tunawaombea marehemu. "Yote mawili ni kweli," alisema. "Hutakuwa umedanganya."

Skolastika alipanda jukwaani akaeleza kila kitu. Aliwaambia juu ya milango, juu ya sauti kwenye kisikizi, juu ya ile mara moja kati ya kumi. Aliwaomba wasipitishe azimio la kuutumia muundo wake katika miji mingine.

Alipomaliza, mjumbe mmoja akainua mkono. Aliuliza kwa heshima. "Mhandisi, kama milango ingeachwa wazi, ungekuwa tayari kutuhakikishia kwamba sisi tuliopo hapa tungekuwa hai?"

"Hapana. Nisingeweza kuhakikisha."

"Asante," alisema mjumbe, akaketi.

Azimio lilipita. Liliongezewa ibara iliyosema milango ya jengo-mjusi isifungwe pasipo tahadhari ya sauti kutolewa kwanza. Wajumbe wengi waliinua mikono bila kumtazama. Skolastika hakuwa na uwezo wa kuzuia. Haki za muundo zilikuwa za kampuni iliyomwajiri, na kampuni ilikuwa imekwisha kupokea maombi ya miji kadhaa. Medali ambayo mkutano ulimtunukia siku hiyo aliiacha mezani.

Alipokuwa akitoka, mpangaji wa mji mmoja mkubwa alimfuata hadi kwenye lango la uwanja. Alimpa pole, na ilionekana anamaanisha. Kisha akashusha sauti.

"Kuna jambo moja la kiufundi. Kwetu tungependa upande wa kuachiwa ujulikane mapema, tangu kwenye michoro. Ili tujue nani wa kumweka huko."

Skolastika alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kalamu mkononi, akingoja jibu.

"Sitawachorea hilo," alisema.

"Basi atachora mwingine," alijibu yule bwana kwa upole.

Kutoka hapo alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Anzuruni. Matanga yalikuwa yanaendelea. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani juu ya mikeka. Mwavita alikuwa ameegemea ukuta, khanga kichwani, macho makavu. Alipomwona Skolastika amesimama kizingitini hakuinuka.

"Wifi," alisema, kama alivyozoea kumwita kwa kuwa mumewe alimwita dada, "wapo waliokuwa na visikizi siku ile. Wananiambia alikuita."

"Aliniita."

"Alikuita wewe."

"Alidhani naweza kuufungua mlango."

"Ungeweza?"

"Muda haukunitosha. Na sikujua kwamba unafungwa. Lakini kanuni iliyoufunga niliiandika mimi."

Wanawake wengine waliacha kuzungumza. Skolastika akaeleza tena, safari hii bila maneno ya kihandisi. Jengo lilikuwa na njia ya kuwaacha watu wapite, na yamkini wote wangepona, wa ukumbini na wa upande wa mashariki. Mara tisa kati ya kumi.

Mwavita alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na ile mara ya kumi?"

"Tungekufa sote. Mimi pia."

"Sasa kwa kuwa unajua hivyo, ungechagua ipi?"

Skolastika alishika fremu ya mlango.

"Kila nikijiuliza hilo, Mwavita, najikuta bado nimekaa ukumbini," alisema. "Sijui jibu la mtu wa huku kwenu, wa upande uliokatwa."

Mwavita alimgusa bega mwanamke aliyekuwa karibu naye, naye akajisogeza, pakapatikana nafasi ndogo kwenye mkeka, kati yake na ukuta.

"Njoo ukae huku, basi," alisema.

Skolastika akavua viatu, akaingia, akaketi.