Mchikichi wa Vichwa Vitano

Kila asubuhi Melania alifagia uwanja, akamwagilia mchikichi mchanga uliokuwa nyuma ya nyumba, kisha akasimama njiani kumsubiri Armelle. Armelle alikaa nyumba ya pili. Wazazi wake walitoka Burundi, lakini yeye alizaliwa hapohapo Ilagala, na alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, Kisura, ambaye sasa alikuwa na mimba. Alimfunga kwanza kwenye kigingi penye majani mabichi, ndipo wakaenda shule.

Njiani Armelle aliongea, naye Melania aliota ndoto za mchana. Aliota milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, iking'oka na kuja kwao ikielea. Zaidi ya yote aliota juu ya mchikichi ule. Baba yake, Selestini, aliupanda mahali ulipoanguka mchikichi mkongwe wa bibi.

"Wa bibi ulinisomesha mimi kwa mafuta yake ya mawese," alizoea kusema. "Huu utakusomesha wewe."

Mchikichi wenyewe ulikuwa umemfika Melania kifuani tu, na kusubiri kulimchosha.

Siku moja Mwalimu Honorata aliwapeleka wanafunzi wa Darasa la Sita kwenye mpera wa shule, uliorefuka ovyo na kuzaa mapera mawili matatu huko juu wasikofika. Alishika tawi akawaonyesha ncha yake. Ncha, alisema, ndiyo mkubwa wa tawi. Ikiwepo, inavuta nguvu zote kwenda juu, na yale macho madogo ya pembeni, yanakochipukia matawi, yanabaki yamelala. Ukiikata, macho yanaamka. Penye tawi moja yatatoka mawili, hata matatu, na mpera huzaa kwenye machipukizi mapya. Akalipogoa lile tawi, juu kidogo ya jicho.

Hapo Melania akaondoka, ingawa miguu yake ilibaki pale pale. Chini kule boti ilikuwa ikichora mstari mweupe juu ya ziwa, naye akaufuata. Mwishoni mwa mstari ule aliuona mchikichi wao ukiwa na vichwa vitano, kila kichwa na mikungu yake myekundu, na baba yake chini akicheka. Aliporudi, mwalimu alikuwa ameshamaliza na wenzake wanakung'uta vumbi.

Jioni hiyo, baba akiwa shambani, Melania alichukua kisu. Alilikata lile jani jipya la katikati, lililojikunja likachongoka kama mkuki. Hakuona jicho lolote, kwa hiyo akachimba ndani zaidi, mpaka akafika penye kitu cheupe na laini. Akakionja. Kilikuwa kitamu. Alirudi ndani akiimba kimoyomoyo.

Kisura alikuwa amekata kamba jioni hiyohiyo. Selestini alimkuta penye mchikichi akitafuna majani, na alipoinama akaona moyo wa mti, ile sehemu nyeupe ya ndani, umeliwa. Hakutafuta sababu nyingine. Alikwenda kwa Ngendakumana, baba yake Armelle, akamweleza kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Ngendakumana aliona aibu. Alisema mbuzi ataondoka. Boti ya shemeji yake ikija tu, atapelekwa Kigoma akauzwe.

"Majani alikula, Baba," Armelle alisema. "Moyo hakuula. Mdomo wake haufiki kule chini."

Alinyamazishwa. Melania, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, alitazama miguu yake mwenyewe.

Shuleni maneno yakasambaa. "Mbuzi wenu akikamuliwa atatoa mawese," walimtania Armelle, naye akawa anakaa peke yake wakati wa mapumziko. Melania alijipa moyo kwa ndoto. Vichwa vitano vikichomoza, alijiambia, baba atafurahi, mbuzi atasamehewa, na hakuna atakayehitaji kuuliza kitu. Akauongezea mchikichi maji. Majani ya pembeni yalibaki kijani, na kijani kile kilimdanganya kila asubuhi.

Mpera wa shule, chini ya ule mkato, ulianza kutoa machipukizi mekundu, madogo kama masikio ya panya. Mchikichi haukutoa kitu. Mwishowe Melania akamwuliza mwalimu mchikichi uliokatwa ncha huchukua muda gani kutoa matawi.

Mwalimu Honorata alimtazama. "Nililisema siku ile, Melania. Ulikuwa wapi?"

"Ziwani, Mwalimu."

"Mpera una macho mengi, ukikata moja mengine yanaamka. Mchikichi una moyo mmoja tu. Ukiukata huo, majani ya zamani yatakaa kijani kwa muda, lakini mti umekwisha kufa."

Utamu ule ukamrudia Melania mdomoni, sasa mchungu.

Alfajiri iliyofuata boti ya yule shemeji ilikuwa imetia nanga. Melania alisikia Kisura akilia, akakimbia ufukweni pekupeku, akipita katikati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Mbuzi alikuwa ameshainuliwa miguu ya mbele aingizwe botini. Armelle alishika kamba, hataki kuiachia. Selestini naye alikuwepo, amekuja kumsaidia jirani yake.

"Baba, mwacheni," alisema Melania. "Ni mimi niliyeukata moyo wa mchikichi. Kwa kisu. Nilitaka utoe vichwa vitano."

Wanawake wakaacha kuanika. Ngendakumana alimshusha mbuzi taratibu. Selestini akamgeukia jirani yake, akamwomba radhi mbele ya wote. Armelle aliizungusha kamba mkononi bila kumtazama Melania. Alimvuta Kisura, akaenda zake.

Njiani kurudi Melania alilia, akamsimulia baba somo la mpera, akauliza kama Armelle atamsemesha tena.

"Mti tutapanda mwingine, na shimo utachimba wewe," baba alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Urafiki wenu ulikuwa mpera. Kimya chako kimeukata ncha, ila macho bado yapo. Boti ingeondoka na wewe umenyamaza, ungekuwa umeufikia moyo. Ukikosa, sema mapema, moyo ukiwa bado mzima. Na kabla hujakata kitu cha mtu, uliza."

Melania alichimba shimo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mche mpya ulikuwa mfupi, haukumfika hata gotini. Asubuhi moja alikuwa akiumwagilia, aliposikia kwato nyuma yake. Kisura alikuja na mwanawe mweusi, na Armelle ameshika kamba fupi, fupi sana. Armelle aliuchungulia mche.

"Huu una vichwa vingapi?"

"Kimoja."

"Basi uache hivyohivyo," alisema Armelle. "Vaa viatu, tutachelewa."