Baba Hakusafiri

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ramani alikuwa na kazi mbili: kuchemsha chai na kumchana mdogo wake nywele. Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ilihitaji moyo, kwa sababu mdogo wake, binti wa miaka mitano, hakujua kutulia wala kunyamaza, na ndiyo maana baba yao alimpa jina la Kengele. Ramani mwenyewe, aliyekuwa darasa la sita, alipata jina lake kwa kuwa ndiye aliyeshika ramani kila baba alipoazima gari na kuwapakia wote waende kuona barabara fulani inaishia wapi. Majina yao ya shule yalikaa kwenye madaftari tu. Nyumbani hakuna aliyeyatumia.

Asubuhi moja Kengele alikula nusu ya mkate wake, nusu nyingine akaifunika kwa kisahani.

"Huo unamwekea nani?" mama aliuliza.

"Baba. Akirudi atakuwa na njaa."

Mama aliweka kikombe mezani, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Ramani alijua anakwenda kulia. Akaendelea kuchana nywele, macho yake yakiwa yamejaa machozi.

Baba hangerudi. Alikuwa fundi wa mtambo wa kuchimba visima, na mwezi uliopita alianguka akiwa kazini, moyo ukasimama kabla hajafikishwa hospitali. Siku ya mazishi Kengele alipelekwa nyumba ya jirani akacheze. Jioni aliporudi na kuuliza baba yuko wapi, shangazi, dada yake baba aliyekuja kukaa nao, alimjibu upesi, "Baba amesafiri." Kisha akamvuta Ramani kando.

"Mdogo wako bado mchanga, hawezi kubeba jambo hili. Usije ukamwambia kitu. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Kwa mtoto mwingine neno lile lingepita bila madhara makubwa. Lakini baba huyu kusafiri ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Alichimba maji mahali ambapo hata barabara hukata tamaa kabla ya kufika. Aliwahi kuvuka mto uliofurika akiwa ameng'ang'ania kamba, viatu amevining'iniza shingoni. Aliwahi kulala juu ya lori usiku kucha kwa sababu fisi walikuwa wamekaa chini wakimsubiri ashuke. Na kila safari alirudi, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi ana chupa ya maji ya kisima kipya. Wote walikuwa wakikaa mezani, kila mmoja anaonja na kutoa hukumu. Mama alikuwa akisema yana chumvi, Kengele akisema yana ladha ya msumari, na baba akicheka mpaka anapaliwa. Akiwa mbali, hakuna jioni iliyopita bila yeye kupiga simu. Kwa hiyo Kengele aliposikia kwamba baba amesafiri, alielewa jambo moja tu: anarudi.

Uongo una kazi nyingi, unataka kulishwa kila siku. Kengele alipouliza kwa nini baba amechelewa, Ramani alisema visima ni vingi. Alipouliza kwa nini hapigi simu, Ramani alisema huko hakuna mtandao. Akatia chumvi kidogo, akaongeza milima na msitu. Kila alipoongeza kitu alijichukia, lakini shangazi alikuwa amekwisha kukata kauli, na Ramani hakuwa mtoto wa kubishana na wakubwa.

Siku moja alitoka shule akaikuta picha ya baba iliyokuwa sebuleni imegeuzwa, uso umeelekea ukutani.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Kengele. Hakuwa analia. Alikuwa amenuna. "Zamani hata akiwa mbali alipiga simu. Sasa hataki. Ametuchoka."

"Usiseme hivyo."

"Ametuchoka. Amepata watoto wengine huko."

Ramani aliirudisha picha mahali pake. Alikuwa amekwisha mpoteza baba mara moja. Sasa alimwona akipotea tena, safari hii ndani ya moyo wa mdogo wake, na yeye Ramani ndiye aliyekuwa akisaidia kumpoteza. Alimfuata shangazi jikoni, akamweleza. Shangazi alisikiliza huku akiosha vyombo.

"Atasahau," alisema. "Watoto husahau."

Hilo ndilo lililomtisha Ramani zaidi.

Jumamosi iliyofuata lori la kazini lilikuja kuleta vitu vya baba. Kengele aliusikia mlio wake tangu kona ya mtaa, akatoka mbio bila viatu. Shangazi alimkimbilia, lakini nani angemkamata? Dereva aliposhuka, mtoto alikuwa amekwisha panda kikanyagio cha mlango wa upande wa pili, anachungulia ndani. Kiti alichozoea kukalia baba kilikuwa kitupu. Palikuwa na sanduku la vifaa na jozi ya buti.

"Baba yangu mmemwacha wapi?"

Dereva alivua kofia. Alimtazama mama, ambaye alikuwa ameegemea mlango, kisha akamtazama shangazi.

"Bado yuko safarini," shangazi aliwahi kujibu. "Ana kazi nyingi."

Kengele alishuka polepole. "Basi mwambieni asirudi," alisema. "Simtaki tena."

Ramani alimkimbilia. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake pale pale kando ya gurudumu, akamshika mabega.

"Baba hakusafiri," alisema. "Nilikudanganya. Baba amekufa. Moyo wake uliugua, ukasimama, na akazikwa. Mtu akifa hawezi kurudi na hawezi kupiga simu, hata kama anatupenda sana."

"We mtoto," shangazi alianza.

"Mwache, wifi," mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika kwa nguvu tangu msiba. "Mwache aseme."

Kengele alimtazama mama, akaona kwamba ni kweli. Akaanza kulia, na akalia kwa kelele zake zote. Mama alikaa chini kwenye vumbi, akawakumbatia wote wawili, na yeye mwenyewe akalia mbele yao bila kujificha.

Walipotulia kidogo, dereva alichuchumaa karibu yao.

"Shemeji, niruhusu nimwambie mtoto jambo moja." Akamgeukia Kengele. "Kule tulikokuwa, kweli simu hazikushika. Unajua baba yako alifanyaje? Kila jioni alipanda mlingoti wa mtambo mpaka kileleni. Anaukumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Mimi niko chini namwambia, bwana wee, utaanguka. Ananijibu, nyamaza, wanangu hawajaniambia wamekula nini."

Mama alicheka na machozi yakimtoka. "Nikimuuliza kelele za simuni ni za nini, alikuwa ananiambia ni upepo tu unavuma."

"Siku aliyougua?" Kengele aliuliza kwa kwikwi. "Alipanda?"

"Ilikuwa mchana. Jioni haikumkuta," dereva alisema. "Angekuwepo, angepanda."

Kengele aliwaza. "Kwa hiyo hakutuchoka?"

"Hata siku moja."

Jumapili walikwenda makaburini wote wanne. Njiani shangazi alipunguza mwendo, akamsubiri Ramani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulinikosea adabu jana," alisema, "na ninakushukuru. Nilidhani ninamlinda mtoto. Kumbe nilikuwa ninajilinda mimi, kwa sababu sikutaka kutamka kwamba kaka yangu amekufa. Na nilikubebesha mzigo ambao haukuwa wako. Kumbuka hili, mwanangu: mtoto akiambiwa ukweli kwa upole, atalia, kisha atafutwa machozi. Ukimficha, atajitungia sababu zake mwenyewe, na mara nyingi zitakuwa mbaya kuliko ukweli."

Kaburi lilikuwa dogo kuliko Kengele alivyotarajia. Alilizunguka, akagusa udongo wake.

"Anasikia baridi?"

"Hapana," mama alijibu. "Hasikii baridi, hasikii njaa, hana maumivu."

"Na sisi tukiongea, anatusikia?"

Shangazi alimwachia mama ajibu. Mama akainama karibu na mtoto.

"Hilo silijui, mwanangu. Ninatamani, lakini silijui."

Kengele aliitikia kwa kichwa, akaonekana kuridhika na jibu hilo. Kisha akachuchumaa, akainamisha uso karibu kabisa na udongo.

"Baba," alisema, "nilikukasirikia. Sikujua kwamba umekufa."