Michubuko ya Kasi

Kila asubuhi Kasi alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaenda shule mbio; jina lake hakupewa bure. Lakini wiki hizo aliamka hoi. Damu ilimtoka puani, na michubuko ilimjaa mikononi ingawa hakuanguka. Aliificha ndani ya sweta, maana mashindano yalikaribia na mwalimu hangempanga mgonjwa.

Jumamosi alikuja mjomba wake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa hasira za karibu. Kasi alipompa maji, sweta likapanda.

"Nani kakupiga hivi?"

Kasi akainamisha kichwa, kimya. Mjomba akadhani amejibiwa: ni baba yake.

Baba yake Kasi alikuwa nje akishona viatu. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo.

"Shemeji, una wazimu?"

"Unamuua mtoto wa dada yangu!"

Ngumi ya pili iling'oa jino. Teke la mbavu likamwangusha juu ya misumari yake. Majirani waliosikia hayo walikuja na fimbo, na badala ya kuamua ugomvi, wao pia wakamshambulia baba. Aibu kubwa! Mjomba akainua nyundo.

"Baba hajanipiga!" Kasi alipiga yowe, akajitupa juu ya baba yake. "Naumwa! Nilificha!"

Damu ikamchuruzika Kasi puani, haikukatika. Mjomba akatupa nyundo, akambeba mbio hospitalini, baba akichechemea nyuma.

Vipimo vilionyesha saratani ya damu.

"Ndani ya chembe za damu mna vitu vidogo sana viitwavyo RNA," daktari aliwaeleza. "Baadhi hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine hazitengenezi protini, kazi yake ni kusimamia. Zikivurugika, zinaweza kutusaidia kutambua aina ya saratani. Watafiti wanatafuta pia dawa za kuzirekebisha."

Matibabu yalichukua miezi mingi. Kasi alitapika, nywele zikaisha. Siku daktari aliposema saratani haionekani tena, mjomba alipiga magoti mbele ya baba.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe," baba alicheka, pengo wazi. "Ila jino hulirudishi."

Daktari hakucheka. "Kasi, chembe ya damu haina mdomo, lakini tulipoipima ilisema kweli. Wewe mwenye mdomo ulinyamaza, nusura ufe wewe na baba yako. Ukiumwa, sema siku hiyo hiyo."

Kisha akamgeukia mjomba. "Nawe uulize mpaka ujibiwe. Ngumi haipimi ugonjwa."