Diski Iliyopelekwa Matangani

Kila Jumatatu asubuhi Dena hufagia chumba cha mbele, kisha huwasha kompyuta. Kazi yake ni kupiga video za harusi na matanga. Huzikata na kuziunga mpaka zipendeze. Mji wa Kilifi unamjua kwa kazi hiyo. Mkewe, Kache, ndiye anayeshika kamera ya pili. Kache humwita Baba Pola, kwa jina la binti yao.

Kompyuta ya Dena ilikuwa na nguvu. Lakini ndani yake palikuwa na diski moja tu, nayo ilikuwa imejaa. Kwa hiyo alinunua diski kubwa ya nje, ya kuchomeka kwa waya. Humo aliweka kila kitu: video zilizotoka kwenye kamera, kazi anazozihariri, na kazi zilizokwisha.

"Baba Pola, hii ikiharibika je?" Kache alimwuliza siku moja.

"Diski haili, hailewi, haiugui," Dena alijibu. "Itaharibikaje?"

Mwezi wa nane, dada yake Dena, Cynthia, aliolewa, na harusi ikafanywa kwao Vitengeni. Bibi yao, Hawe Kanze, alisimama mbele ya watu. Alitia maji mdomoni, akamnyunyizia Cynthia kifuani kumbariki, akamwombea. Alisema maneno mengi. Alitaja majina ya waliotangulia. Cynthia alilia kwa kwikwi, hakusikia hata nusu.

"Usijali," Dena alimwambia. "Nimekushikia yote. Utamsikiliza hata mara mia."

Dena alirudi Kilifi, akahamishia video kwenye diski yake. Siku hiyohiyo alizifuta kadi za kamera, kwa sababu Jumamosi alikuwa na harusi nyingine. Video ya Cynthia hakuihariri. Alisema ndugu watangoja, wateja kwanza. Cynthia akaenda Lodwar, kwenye kazi ya mumewe.

Mwezi wa kumi Hawe Kanze alifariki.

Matanga yalijaa watu. Siku ya kwanza mjomba mmoja alimwita Dena.

"Wee Dena, si ulimpiga video mama yangu? Tuonyeshe basi! Au mpaka tukate tiketi?"

Dena angeweza kunakili video ile kwenye flashi ndogo. Hakutaka kungoja. Aliitoa diski yenyewe, akaichomeka kwenye runinga. Hawe Kanze akatokea, mzima, akiwaombea. Watu walilia. Watu walicheka. Nyumba ya pili nayo ikaitaka, na ya tatu. Kwao, aliyefiwa haambiwi hapana. Siku tatu diski ilitembea kwa bodaboda, imefungwa ndani ya leso. Kila mara ilichomolewa sahani yake ya ndani ikiwa bado inazunguka.

Siku ya nne Cynthia alifika kutoka Lodwar, macho yamevimba.

"Kaka, niwekee," alisema. "Nataka kusikia Hawe aliniambia nini."

Dena aliichomeka. Runinga haikuonyesha kitu. Ndani ya diski kitu kiligonga: ta, ta, ta.

"Nitaitengeneza," Dena alisema.

Hakumwuliza mtu. Alirudi Kilifi, akachukua bisibisi, akaifungua diski mezani. Ndani aliona sahani inayong'aa kama kioo. Aliona chembe za vumbi juu yake, akazipuliza kwa mdomo. Akaifunga, akaichomeka tena. Sasa haikugonga. Ilinyamaza kabisa.

Kache alitoka kimya, akaenda kwa jirani yao Mueni. Mueni ni Mkamba, naye hutunza kompyuta za hoteli moja kule Bofa. Alikuja, akaigeuza diski mkononi.

"Shemeji, nani ameifungua hii?"

"Mimi."

Mueni alifunua kifuniko. "Na madoa haya juu ya sahani?"

"Nilipuliza vumbi."

Mueni aliiweka chini taratibu. "Ilipokuwa inagonga, ungeizima na kuiacha. Wapo mafundi wenye chumba kisichoingia vumbi. Pengine wangeokoa kitu. Sasa sioni njia. Sitakudanganya. Pole sana."

Dena alikaa, kichwa mikononi. "Kunakili ni dakika ishirini," alisema. "Dakika ishirini tu, Mueni."

Kesho yake alipanda gari kwenda Vitengeni. Cynthia alikuwa anaosha sufuria za matanga.

"Imepotea," Dena alimwambia. "Nimeiharibu mimi."

Cynthia aliendelea kuisugua sufuria ileile, ingawa ilikuwa imeshatakata. Dena aliona afadhali angetukanwa.

Wiki iliyofuata Dena alibisha mlango kwa Mueni, Kache nyuma yake.

"Nifundishe," alisema. "Na usinionee haya."

"Nani akuonee haya?" Mueni alimjibu. "Leta karatasi. Kache, unga wako unauweka wapi?"

"Kwenye pipa, stoo."

"Na mboga unakatia wapi?"

"Kwenye kibao."

"Mumeo anakata mboga, anapika na kuweka unga, yote ndani ya sufuria moja!"

Kache alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mueni alichora visanduku vitatu. "Diski ya kwanza ni ya kuwashia kompyuta na programu zake. Isiwe kubwa sana, lakini iwe SSD. Hiyo haina sahani inayozunguka, basi ina kasi. Ya pili nayo SSD. Hapa unaweka video unayoihariri sasa, si nyingine. Video haitakwamakwama. Ya tatu ni ile kubwa ya kuzunguka. Ni ya polepole, lakini unapata nafasi kubwa kwa bei ndogo. Hiyo ndiyo stoo ya kazi zilizokwisha."

"Hiyo SSD haifi?" Dena aliuliza.

"Inakufa. Tena mara nyingine haigongi wala haikuonyi. Kila diski hufa, shemeji. Ndiyo maana unahitaji nakala."

"Basi nitaweka diski mbili za stoo ndani ya kompyuta."

"Mwizi akiibeba kompyuta je? Umeme ukipiga je? Nakala moja ikae nje ya nyumba yenu. Na kadi ya kamera usiifute mpaka video iwe mahali pawili, na umeifungua ukaiona inacheza. Mtu akitaka kuitazama, mpe flashi. Na kabla ya kuchomoa, iambie kompyuta kwanza iachie diski, ndipo uitoe kwa usalama."

Dena hakuweza kununua vyote kwa pamoja. Alianza na diski kubwa ya stoo, kisha mbili za nakala, kisha SSD moja, kisha ya pili. Kila Jumapili Kache alipeleka nakala kwa mamake, Malindi, akarudi na ile ya wiki iliyopita.

Mwezi wa tatu, katikati ya kuhariri harusi ya watu wa Malindi, SSD ya kazi ilikufa ghafla. Dena aliizima kompyuta, akaiwasha tena, wapi. Kisha akakumbuka. Video zote za harusi hiyo zilikuwa pia kwenye diski kubwa ya stoo, na kwa mama mkwe. Alipoteza kazi ya asubuhi moja tu. Bibi harusi alipokea video yake siku aliyoahidiwa, hakujua lolote.

Mwezi wa nne Cynthia alikuja likizo.

"Chukua kamera," alimwambia kaka yake. "Twende kwa walioiona video ya Hawe."

Walizunguka Vitengeni nyumba kwa nyumba.

"Hawe alimwombea mume mvumilivu," mjomba alisema mbele ya kamera.

"Aka! Ulikuwa umesinzia wewe," shangazi alimkatiza. "Alimwombea awe mkali, asionewe!"

Cynthia alicheka huku anafuta machozi. Jioni hiyo Dena alinakili kila neno mahali patatu kabla ya kufuta kadi.

Cynthia alisikiliza yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akawageukia mjomba na shangazi.

"Na jina langu," aliuliza, "Hawe alilitamkaje?"

Mjomba alijaribu. Shangazi akajaribu. Cynthia akatikisa kichwa: haikuwa sauti ya Hawe.