Maoni Chini ya Ukurasa Wetu

Foleni ya kuandikisha wagonjwa ilikuwa imefika mlangoni, na karani wa mapokezi alikuwa amekwama kwenye programu ya kompyuta. Alibonyeza, akasubiri, akaitazama karatasi iliyobandikwa ukutani, akabonyeza tena. Mhariri, aliyemleta mama yake kupimwa presha, aliitambua karatasi ile kabla hajaisoma. Ilichapishwa kutoka kwenye tovuti ya programu hiyo hiyo ya wagonjwa, na kazi yake yeye ilikuwa kutunza kurasa za maelekezo za tovuti hiyo.

"Dada, hiyo usiifuate, ni ya toleo la zamani," alimwambia karani. "Anza na tarehe ya kuzaliwa."

"Na nani aliiandika?"

"Mimi," sauti ikajibu nyuma yao. "Na huyo dada anayekuelekeza. Tuliandika wote."

Mhariri aligeuka. Alikuwa Mzee wa Picha, mwenzake wa meza moja zamani zile, bingwa wa kujaza picha za skrini hata pa kuandika pakakosekana. Alikuja kuchukua majibu ya shangazi yake. Shati la buluu, mikono imekunjwa kama kawaida yake. Ni mvi mbili tatu tu zilizokuwa ngeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepotea. Chai yangu siku hizi haina wa kuimaliza."

Mama alicheka peke yake. Miaka mitano nyuma kijana huyo, mpenzi wa Mhariri wakati ule, alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akaahidi kupiga simu akifika, na simu haikulia. Mhariri alilia wee, akanyamaza, akajifanya amesahau. Sasa alimuuliza kwa sauti ya chini kulikoni.

"Simu iliibwa njiani na namba zote zikaenda nayo. Ofisi nayo ilikuwa imebadili anwani. Nikakuandikia pale unaposoma kila asubuhi, kwenye maoni ya wasomaji chini ya ukurasa wetu. Mara tatu. Hukujibu, nikaona umeamua."

"Sikuona kitu."

Hakumwamini, na jina la shangazi likaitwa dirishani. Mama ndiye aliyemlazimisha kijana kuacha namba nyuma ya kadi ya kliniki.

Alipomfikisha mama nyumbani, Mhariri alikimbilia ofisini kuyatafuta maoni hayo. Njiani alikumbuka. Ukurasa ule aliupiga mwenyewe utepe mwekundu unaoonya kuwa ni wa toleo la zamani, kesho yake baada ya mpenzi wake kuondoka, kwa sababu hakuweza kuutazama bila machozi. Maoni ya kurasa zenye utepe hayakumfikia mhariri. Yalikwenda ghalani, mahali asipofungua mtu. Na leo, saa kumi, kurasa hizo zote zilikuwa zifutwe pamoja na maoni yake.

Alifika saa tisa na nusu, akamwomba fundi wa tovuti amsubiri kidogo. Ghala lilijaa wasomaji wanaolalamikia kitufe kisichoonekana. Katikati yao akayakuta matatu ya Mzee wa Picha. La kwanza lilikuwa na namba na utani. La mwisho, kwa jina la utani alilomwita yeye peke yake, lilisema: "Kalamu wangu, kama bado unanitaka, jibu neno lolote hapa. Nitarudi."

Alilia mbele ya fundi bila kuona haya. Kisha akaandika jibu, likatokea chini ya ukurasa, akapiga simu.

"Fungua ukurasa wetu."

"Si umesema usifuatwe?"

"Wewe fungua tu, mpenzi."

Alivisikia vidole vyake vikibonyeza. Jibu lilisema: "Bado nakutaka. Nisamehe, mimi ndiye niliyekufungia mlango bila kujua."

"Kalamu," alisema, "miaka mitano nimekuwa nikikuonea hasira ya bure."

"Na mimi vilevile. Jioni uko wapi?"

"Kwa mama yako, kama chai ipo. Nina jambo la kumwomba, na safari hii naliomba kwa mdomo."

Mhariri aliuchapisha ukurasa wote, picha zake, maoni yake na jibu, akaukunja na kuutia mkobani. Ndipo akamwambia fundi aufute.