Ngumi ya Shingoni

Kila asubuhi Yoramu na Sila waliswaga mbuzi kutoka Nkuhungu, siku hizo kijiji kidogo cha nyumba za tembe, hadi kwenye mto wa mchanga. Ulikuwa mwaka ambao Wajerumani walikuwa wakijenga reli kuja Dodoma, na baba zao walikuwa wamechukuliwa kubeba mawe ya tuta. Kazi ya kunywesha mifugo ikabaki kwa watoto.

Kiangazi hicho maji yalipatikana katika shimo moja tu, lililochimbwa kwenye mchanga huo. Mwaka uliotangulia mchanga ulimfukia mzee mmoja humo humo, na watoto waliapa kwamba ukiinama pale peke yako, unamsikia akikohoa. Hakuna aliyependa kubaki wa mwisho. Kwa hiyo wachungaji walikuwa na desturi yao: wawili wakifika pamoja, wanapigana ngumi za kifua, na mshindi ananywesha kwanza. Kichwa na shingo ni mwiko.

Siku hiyo Sila alikuwa akishinda, kama kawaida yake. Yoramu alikuwa amechoka kubaki nyuma na yule mkohozi. Upepo ulipoinua vumbi, akarusha ngumi, ikatua ubavuni mwa shingo ya mwenzake.

Sila hakulia. Miguu ilimwisha nguvu, akaanguka, macho wazi. Upepo ulitulia ghafla. Mbuzi walisimama kimya, na kutoka shimoni mchanga ukasikika ukimomonyoka taratibu. Nywele zilimsimama Yoramu.

Baada ya muda Sila alipepesa macho. "Nani ameniangusha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Yoramu alisema neno lililotangulia mdomoni. "Marehemu. Nimemwona akikuvuta."

Habari zilifika kijijini kabla ya mbuzi. Mchana kutwa Sila alilala kwenye ngozi, akiuliza tena na tena, "Nani ameniangusha?" kana kwamba ndiyo kwanza anauliza. Kila mara mama yake, Hana, alimjibu, "Marehemu."

Jua lilipoanza kushuka, Bibi Mwajabu, mganga aliyeolewa hapo kutoka Kondoa, aliagiza ngoma zipashwe moto. Vijana wawili wangemshika Sila mabega na kumtikisa kwa nguvu, mpaka marehemu aseme anataka nini.

Sila alijaribu kumtazama mama yake. Shingo ilikataa. Chini ya shanga zake palikuwa pamevimba, na Yoramu alijua ni ngumi ya nani. Ngoma zikaanza kulia, vijana wakamkamata mabega.

"Msimtikise!" Yoramu alipiga kelele. "Bibi, si marehemu! Ni mimi. Nilimpiga shingoni."

Ngoma zilinyamaza. Kimya kile kilimtisha kuliko cha mtoni.

Bibi Mwajabu hakumgombeza. Alishika vidole vya Yoramu, akaviweka kwenye shingo ya Yoramu mwenyewe. "Unasikia kinachodunda?"

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo ni njia ya damu kwenda kichwani. Mtu akipigwa hapo huzimia, hata awe na nguvu za fahali. Na shingo iliyoumia haitikiswi." Akawageukia vijana. "Mlazeni chali. Jazeni mchanga kwenye vifuko vya ngozi, mviweke kila upande wa kichwa, asikigeuze."

Kwa siku tisa Yoramu alinywesha mbuzi wa nyumba zote mbili, wa Sila kwanza. Shimo lilimomonyoka nyuma yake, lakini aliteka maji mpaka mbuzi wa mwisho.

Siku ya kumi Sila alitoka nje, akigeuza shingo pole pole. Yoramu alikwenda kwa Bibi Mwajabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapa, mjukuu wangu. Ngumi yako ilimwangusha Sila mara moja, akaamka. Uongo wako ulikuwa unamwangusha mara ya pili, kwa mikono ya watu wazima, na asingeamka. Ukikosa, sema mapema, hata kama unaogopa."

"Na yule marehemu wa shimoni, bibi?"

"Mwache apumzike," alisema Bibi Mwajabu. "Yeye hajampiga mtu."